Walikuwa Wanaimba

Sehemu ya tisa

Wiki hii wengi mmeniandikia mkiuliza kwa nini sikumfuata mume wangu. Niwajibu upesi, maana leo nina la kukiri lililo zito kuliko hilo.

Nilimfuata. Aimable aliaga asubuhi kwamba anakwenda Kikagate, avuke upande wa Tanzania kutafuta mahindi, na hakurudi. Nilikwenda mpakani mara mbili, picha yake mkononi. Mara ya pili askari mmoja mwenye huruma alinivuta pembeni akaniambia, "Mama, wacha kuuliza." Nikaacha.

Mnakumbuka pia binti yetu Élyse, jinsi homa ya uti wa mgongo ilivyompata akiwa na miaka saba, ikamwachia uhai na kuchukua masikio. Na mnakumbuka kliniki ya Juru, hapa kambini Nakivale, nilikokuwa nikiwatafsiria Warundi wenzangu maneno ya daktari, jinsi ilivyofungwa wafadhili walipoondoka.

Simulizi tuliiachia siku ile mgeni aliposimama mlangoni kwangu, viatu vyake vya visigino vimejaa vumbi, akauliza, "Ni wewe ile Alida ya kutafsiri?"

Laiti ningesema si mimi.

Aliitwa Madamu Ninsiima, mwenyekiti wa kamati ya sherehe. Mji wa Mbarara ulikuwa unakaribia kutimiza miaka mia na ishirini, na kamati yake ilikuwa na mipango mikubwa: maandamano ya wanafunzi, ng'ombe wa pembe ndefu kupitishwa barabara kuu, kitabu cha historia, na uwanja mpya utakaoitwa Uwanja wa Jubilei.

"Kitabu lazima iwe na watu yote," aliniambia. "Zamani kulikuwa na watu ya Rwanda na Burundi, walikuja kufanya kazi ya barabara. Tunataka wazee yenye wanakumbuka. Wewe unajua Kirundi?"

"Ndiyo lugha niliyonyonya, madamu."

"Sawa. Ukifanya vizuri, kuna kazi ya kudumu. Baada ya sherehe tutafungua nyumba ya vitu vya kale, kule mjini. Tutataka mtu ya lugha."

Mjini. Yeye hakujua neno hilo lilikuwa na maana gani kwangu.

Mbarara kuna shule ya watoto wasiosikia. Niliwahi kupita nje ya ua wake. Watoto walikuwa wanazungumza kwa vidole na kucheka kama watoto wengine. Élyse wangu, kule Juru, alikuwa ananyooshea kidole mtungi akitaka maji, na akitaka kitu kisichoonekana analia mpaka achoke.

Nikaapa kwamba kazi hii haitanitoka.

Siku tatu tulizunguka Juru bila mafanikio. Mzee wa kwanza alikumbuka njaa tu. Wa pili alisinzia. Bibi wa tatu aliulizwa kuhusu Mbarara akaanza kuwalilia wanawe waliouawa mwaka wa tisini na tatu.

Madamu Ninsiima alifunga daftari lake.

"Nyabo," alisema, akiniita mama kwa lugha ya kwao, "mimi sikukuja kuokota machozi. Hii ni sherehe. Tuone mzee moja ya mwisho. Kama hakuna kitu, tunafunga hii mambo ya wakimbizi."

Huyo wa mwisho ndiye Mzee Melchior.

Alikuwa na miaka tisini kasoro mmoja, mkulima kutoka Cankuzo, Burundi, hajui lugha yoyote ila Kirundi. Alikuwa anaishi na mjukuu wake Benitha. Tulimkuta amekaa anapembua maharage. Alipoona wageni alisimama, akatoa kiti pekee cha nyumba ile, akampa Madamu.

"Muulize baba yake alikuwa anafanya nini Mbarara."

Nikamuuliza. Akaweka ungo chini polepole.

"Baba alichimba mawe ya barabara," alisema. "Mimi nilikuwa na miaka kumi, niliwapikia. Yeye na wenzake walikuwa kumi na mmoja, wote wa kilima chetu kule nyumbani."

Hayo niliyatafsiri kama yalivyo, neno kwa neno. Nataka mjue kwamba nilianza vizuri.

"Siku moja nilikwenda kuteka maji," mzee aliendelea. "Niliporudi, kilima kilikuwa kimewaangukia. Msimamizi, Mzungu, akakataza kuwafukua. Alisema barabara ina tarehe yake, haingoji. Sauti zao zilisikika chini ya mawe mpaka alasiri. Halafu zikakoma."

Madamu alikuwa ameinua kalamu. "Anasema nini?"

Nilimtazama. Uso wake ulikuwa umeshachoka. Mkono mmoja ulikuwa tayari umeshika funguo za gari.

"Anasema... sauti zao zilisikika mpaka alasiri."

"Walikuwa wanaimba?"

Wasomaji wangu, neno hilo alilileta yeye. Nimejitetea nalo mara nyingi nikiwa peke yangu. Lakini wa kujibu nilikuwa mimi.

"Ndiyo, madamu. Walikuwa wanaimba."

Funguo zikarudi mkobani. Kalamu ikaanza kukimbia.

"Waliimba wakijenga! Hiyo! Hiyo ndiyo tunataka! Muulize, ni mahali gani?"

Mzee Melchior alieleza. Kilima chenye jiwe jeupe kubwa, limekaa kama ng'ombe aliyelala, na kijito chini yake. Kisha akanishika kifundo cha mkono.

"Mwanangu, waambie vizuri hapa. Wenzangu walikimbilia nchi hii kutafuta amani. Mimi kwa umri wangu ningefia popote. Nilikuja kwa sababu baba yuko huku. Nimekwenda mjini mara mbili kulitafuta jiwe lile, mji umekua, nikapotea, nikarudishwa. Waambie wanionyeshe. Nipate hata mfupa mmoja, padri auombee, nimzike mzee wangu. Basi. Sitaki kingine."

"Anasema nini tena?" Madamu aliuliza. "Mbona analia?"

"Ni furaha, madamu. Anasema kuna jiwe jeupe linalofanana na ng'ombe aliyelala, na kijito chini yake. Angependa sana apaone tena siku ya sherehe."

"Atapaona! Mwambie atakuwa mgeni yetu ya heshima!"

Akamshika mzee mkono kwa mikono yake yote miwili. Mzee akanigeukia.

"Wamekubali?"

"Wamekubali, baba."

Akainamisha kichwa, akafanya ishara ya msalaba. Benitha, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikuja kunikumbatia.

Kwa muda wa miezi miwili mimi nilikuwa mtu.

Nilipata barua ya kazi. Nilipata chumba Mbarara, chenye dirisha na kitasa kinachofunga. Élyse alianza shule. Wiki ya pili alirudi nyumbani akanivuta nguo, akanifundisha kwa vidole ishara ya maji, ya mama, ya mvua. Nilikosea ya mvua, akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu augue.

Nilikuwa nikijiambia: mzee hakuumizwa na lolote. Wafu wamekufa. Siku ya sherehe nitampeleka kilimani mimi mwenyewe, nitamwonyesha jiwe, atawasha mshumaa, na hakuna atakayejua.

Nilipanga hivyo, na nikaamini.

Mabango yakatoka. Yalipachikwa kwenye nguzo za taa, mlangoni mwa soko, hata nyuma ya pikipiki za bodaboda. Juu, kwa herufi nyekundu: WALIIMBA WAKIJENGA. Chini yake wanaume waliochorwa na majembe mabegani, meno yote nje.

Kisha ukaja mkutano wa uwanja.

Kamati ilikuwa na viwanja viwili mkononi. Kimoja karibu na soko, tambarare, kila mtu alikuwa anakitaka. Kingine nje kidogo ya mji, kilima kilichochimbwa mawe zamani, hakina kazi. Mimi nilikaa mwisho wa meza, naandika yanayosemwa.

Madamu Ninsiima alisimama.

"Mimi mwenyewe nilikuwa nataka ile ya sokoni," alisema. "Lakini jana nilienda kule kilimani na mpimaji. Munajua tuliona nini? Jiwe nyeupe. Kama ng'ombe yenye imelala. Na kijito iko chini! Ni pale pale, kama mzee alisema. Babu zetu na babu zao walitoa jasho pale wakiimba. Sasa tutaacha hiyo historia tuende kujenga karibu na nyanya na vitunguu?"

Watu wakacheka. Mikono ikainuka, wote.

"Kilima itasawazishwa," alisema mtu wa ujenzi. "Katapila zitaingia Jumatatu."

Kalamu yangu ilisimama. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika ukingo wa meza, na sikujua nimeushika tangu lini.

Nilimkimbilia Madamu koridoni.

"Madamu, samahani. Kile kilima... huenda kuna makaburi."

Aligeuka. "Makaburi gani?"

"Ya wale wafanyakazi. Huenda baadhi yao walifia pale."

"Nani amesema?"

"Mzee... Mzee amekumbuka."

"Amekumbuka lini? Wewe uko hapa, yeye iko Juru." Alinitazama kwa makini, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka. "Alida. Siku ile alisema kuna mtu alikufa?"

Hapo mlango ulikuwa wazi mbele yangu. Ningesema 'ndiyo' moja tu. Jumatatu katapila zisingeingia.

Lakini nikaiona barua ya kazi inachanwa. Nikamwona Élyse amerudi Juru, ananyooshea kidole mtungi.

"Hapana, madamu. Siku ile hakusema."

"Basi wazee wanachanganya mambo. Usiniogopeshe, nyabo. Niko na kazi mingi."

Akaenda zake. Visigino vyake vilisikika koridoni mpaka mwisho.

Jumamosi nilipanda gari kwenda Juru. Nilikuwa nimeazimia kumwambia mzee kila kitu, kisha turudi naye Mbarara asimame mbele ya katapila akipenda.

Kwanza nilipita kwa Apolline, Mkongomani wa Fizi, jirani yangu wa miaka yote. Huyo ndiye aliyekuwa akinilelea Élyse nilipokuwa kliniki. Nikamwambia yote. Alisikiliza huku akikoroga ugali, akaacha kukoroga.

"Mama Élyse. Weye uligeuza kilio ya batu kuwa lwimbo?"

Akaepua sufuria.

"Enda kwa ule muzehe. Leo. Usikule hapa, usikunywe maji, enda. Kama ukichelewa, ile neno itakuwa nguvu kuliko weye."

Nikaenda.

Mzee Melchior alikuwa nje, amesimama wima kama askari, Benitha anamjaribisha suti. Ilikuwa suti ya kijivu, kubwa kwake, waumini wa kanisa walikuwa wamechanga wakamnunulia. Kwenye kamba ya nguo palikuwa panakauka shuka jeupe jipya.

"Dada Alida!" Benitha alipaza sauti. "Njoo uone bwana harusi!"

Mzee alicheka. "Shuka ni la baba," alisema. "Nimemuuliza padri. Amesema hata ukipatikana mfupa mmoja, unafungwa sanda kama mwili mzima. Amekubali kuja kutupokea tukirudi naye." Kisha akanitazama. "Mbona uko hivyo? Kuna ubaya?"

Niliufungua mdomo. Nawaambia kweli, niliufungua.

"Hakuna ubaya, baba. Nimekuja kukusalimia."

"Unaona?" alimwambia mjukuu wake. "Ana kazi kubwa mjini na bado anakuja kumsalimia mzee."

Wakanipa maharage ya kubeba. Niliyapokea. Nikarudi Mbarara nayo mapajani.

Jumatatu katapila ziliingia kilimani.

Sikwenda kuona. Kila asubuhi nilipokuwa nikimpeleka Élyse shuleni nilisikia mngurumo wake kwa mbali, na mtoto wangu hakusikia kitu, akaendelea kunionyesha kwa vidole majina ya vitu vya njiani.

Siku ya kumi na tano nilitumwa na gari la kamati kumleta mgeni wa heshima. Sherehe yenyewe ilikuwa bado, lakini siku hiyo ndiyo ya kuweka jiwe la msingi la uwanja, na magazeti yalialikwa.

Juru walikuwa wamejipanga njiani kumuaga. Wanakwaya waliimba. Mzee alipanda gari na suti yake ya kijivu, shuka limekunjwa mapajani, rozari juu ya shuka. Benitha alitaka kuja naye, dereva akakataa, nafasi ilikuwa ya mtu mmoja.

"Namkabidhi kwako, dada," aliniambia dirishani. "Wewe ndiye kinywa chake."

Njiani alizungumza kutoka Juru mpaka Isingiro, na kutoka Isingiro mpaka tulipoona paa za Mbarara. Alinieleza jinsi baba yake alivyokuwa akitembea, akiburuta mguu wa kulia kidogo. Alisema ataujua mfupa wa mguu ule, ulivunjika akiwa kijana ukaunga vibaya.

"Baba," nilisema nilipoona tunakaribia. "Pale pamebadilika. Wamechimba kidogo."

"Lazima wachimbe," alisema. "Bila kuchimba watamwonaje?"

Kilima hakikuwepo.

Sisemi kimepungua. Hakikuwepo. Palikuwa na uwanja mwekundu uliosawazishwa, mpana, mahema meupe pembeni, viti vya plastiki, vipaza sauti. Kijito kilikuwa kimeingizwa kwenye bomba. Mzee alishuka garini akasimama, akageuka upande huu, akageuka upande ule.

"Jiwe liko wapi?"

"Ngoja niulize, baba."

Karibu na katapila lililoegeshwa alikuwa amesimama mwendeshaji wake, mwanaume wa makamo mwenye kofia ngumu ya njano. Nilimwendea haraka.

"Ndugu, hapa palikuwa na jiwe jeupe."

"Ile kubwa? Ilipasuliwa wiki ya kwanza. Ni kokoto sasa."

"Na udongo wa kilima?"

"Ulipakiwa kwa malori. Ulienda kujaza bonde kule barabara mpya, na mwingine watu walinunua wakajengea. Umeenda kila mahali, nyabo."

Niliteremsha sauti. "Mliona kitu? Katika kuchimba?"

Alivua kofia akajikuna kichwa, akatazama chini.

"Tuliona," alisema. "Siku ya nne. Mimi nilizima mashine nikamwita bosi. Yeye aliangalia, akasema ni mifupa ya ng'ombe. Mimi nimekulia penye ng'ombe, nyabo. Zile hazikuwa za ng'ombe. Lakini alisema pakia, tukapakia." Kisha akauliza, "Huyo mzee ni nani?"

Nilirudi kwa Mzee Melchior. Alikuwa amekwisha kuvua viatu. Alikuwa amesimama juu ya ule udongo mwekundu kwa miguu mitupu, kama mtu aliyeingia mahali patakatifu.

"Wamesemaje?"

"Wamemhamisha, baba." Ndivyo nilivyosema. "Wamemweka mahali pazuri. Tutapelekwa baadaye."

Alifumba macho. Machozi yakamtoka, safari hii ya furaha kweli.

"Na wale kumi wengine?"

"Wote, baba."

Madamu Ninsiima alitujia amenyoosha mikono. Alimkumbatia mzee, akamkalisha kiti cha mbele, kile chenye kitambaa. Watu wa magazeti wakapiga picha. Wanafunzi wakaimba wimbo uliotungwa kwa ajili ya siku hiyo, na kiitikio chake kilikuwa maneno yale ya bango. Walirudia mara nane. Nilihesabu kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kushika.

Mzee alinisogelea. "Watoto wanaimba nini?"

"Wanakukaribisha."

Halafu Madamu akashika kipaza sauti.

"Sasa atasema mwenyewe! Mzee yetu, yenye alikuwa hapa na macho yake! Alida, njoo utafsiri."

Nikasimama kando ya mzee. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili, akaanza kwa Kirundi, polepole, sauti yake ikijaa uwanja mzima.

"Nawashukuru. Mimi ni Melchior, mtoto wa Ntibanyiha. Baba yangu alikufa hapa na wenzake kumi, chini ya mawe, wakiita mpaka alasiri, na hakuna aliyeruhusiwa kuwafukua. Miaka themanini nimelibeba jambo hili. Nililisema kwa huyu binti yangu, akalileta kwenu, nanyi mmelisikia kuliko wale wazungu wa zamani walivyotusikia. Mmewatoa chini ya mawe. Mungu awalipe. Sasa naomba mnipeleke mlipomweka. Shuka ninalo."

Akanipa kipaza sauti, akainua shuka juu ili watu walione.

Walikuwa wanangoja. Madamu Ninsiima alinitazama, akitabasamu.

"Anasema nini?"

Kipaza sauti kilikuwa mbele ya midomo yangu. Kwenye viti vya nyuma nilimwona Élyse, shule yake ilikuwa imealikwa, amevaa sare, ananipungia mkono.

"Anasema... anasema anashukuru. Ameleta shuka jeupe kutoka Juru, ni zawadi yake kwa mji. Anasema siku ile, wakichimba, walikuwa wanaimba."

Makofi yakalipuka. Watu walisimama. Madamu akaja akalipokea shuka kwa mikono miwili, akalipeperusha mbele ya kamera.

Mzee alimtazama akilichukua. Aliwatazama watu waliokuwa wanapiga makofi na kucheka. Kisha akanigeukia, na taratibu, usoni mwake, nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwake: shaka.

"Alida," alisema. "Mbona wanacheka? Umewaambia nini?"

Kabla sijavuta pumzi, mtu alipita katikati ya viti vya mbele. Mlinzi alijaribu kumzuia, akamsukuma. Alikuwa yule mwendeshaji wa katapila, kofia ya njano mkononi. Kwenye kifua cha ovaroli palikuwa pameshonwa jina lake, nami nililiona kwa mara ya kwanza: Byiringiro. Jina la Kinyarwanda. Na Kinyarwanda na Kirundi vinasikizana kama ndugu wa tumbo moja.

Alipiga goti mbele ya mzee, akamsalimu kwa lugha ambayo mzee alielewa kila neno. Mzee akamshika bega.

Byiringiro akainuka, akamgeukia mwenyekiti wa kamati.

"Madamu," alisema kwa Kiswahili, na kipaza sauti kilikuwa bado wazi. "Huyu mama hakutafsiri. Mupe mimi hiyo maiki."

Madamu Ninsiima aliacha kupeperusha shuka. Alinitazama mimi, akamtazama yeye, akatazama kamera zote zilizokuwa zimemwelekea.

Kisha akakichukua kipaza sauti mkononi mwangu, akampa.